Mgongo Uliotiwa Vyuma Ukiendelea Kuuma: Mwongozo kwa Mgonjwa na Anayemuuguza

Mtu ameanguka kutoka juu ya mchikichi huko Kigoma vijijini, au ametupwa na bodaboda kwenye barabara ya Sikonge, pingili za mgongo zikavunjika. Akapewa rufaa Hospitali ya Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), akapasuliwa, akafungwa vyuma, akarudi nyumbani na bahasha ya picha zake. Miezi minne imepita na mgongo bado unauma. Kila anayekuja kumjulia hali ana lake: vyuma vimekaa vibaya, akandwe, alale tu asiguse kitu. Mengi ya hayo humrudisha nyuma. Maumivu haya yana tabia, na ukiisoma tabia yake utajua yapi ni ya kutembea nayo na yapi ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Kinachouma ni nini hasa

Ili kuufikia mfupa, daktari hupasua ngozi katikati ya mgongo, kisha huibandua misuli kutoka kwenye pingili, kulia na kushoto. Huingiza skrubu, mara nyingi nne hadi nane, kwenye pingili zilizo juu na chini ya ile iliyovunjika, halafu huziunganisha kwa fimbo mbili za chuma. Vyuma hivyo haviponyi mfupa. Vinaushikilia tu usicheze wakati unajiunga wenyewe.

Ngozi hufunga ndani ya wiki mbili hivi. Misuli huhitaji wiki sita au zaidi, na hata hapo inakuwa imenyong'onyea. Mfupa hushika kwa miezi mitatu hadi minne, na kukomaa kwake huenda mpaka miezi sita au mwaka. Neva iliyobanwa ndiyo ya mwisho kupona: ikiota upya huenda kama milimita moja kwa siku. Ndiyo maana mguu unaweza kuwaka moto au kutambaa kama una sisimizi muda mrefu baada ya mshono kukauka.

Kwa hiyo mgongo kuuma mwezi wa nne si ushahidi kwamba operesheni iliharibika. Kinachotazamwa ni mwelekeo: je, mwezi huu ni afadhali kuliko uliopita?

Maumivu ya misuli ni mazito, hukaa pande zote mbili za mshono, huongezeka jioni na kupoa ukilala. Haya ndiyo ya wengi, na dawa yake kubwa ni mazoezi. Maumivu ya neva huchoma au hupiga kama umeme, hushuka takoni mpaka mguuni na huja na ganzi. Yana dawa zake, na parasetamoli peke yake haiyawezi.

Kuna aina ya tatu inayotaka umakini: maumivu ya mahali pamoja, unapoweza kupaonyesha kwa kidole, makali ukigeuka au ukiinuka, labda na hisia ya kitu kutoa mlio au kucheza ndani. Yakiwa yalishapungua, kisha yakarudi baada ya miezi kadhaa, piga picha mpya. Sababu ni hii: kila hatua unayotembea huikunja ile fimbo kidogo mno, mara maelfu kwa siku. Mfupa ukijiunga, mzigo unahamia kwenye mfupa. Usipojiunga, chuma huchoka kama waya unaokunjwa huku na huku. Skrubu hulegea au hukatika.

Dalili ambazo hazisubiri asubuhi

- Miguu kuanza kulegea, au udhaifu uliokuwepo kuongezeka.
- Kushindwa kukojoa, mkojo au haja kubwa kutoka bila kujijua, au ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani.
- Mshono kutoa usaha au maji, kuvimba, kuwa mwekundu, au kuachia.
- Homa, au kutetemeka kwa baridi.
- Maumivu makali ya ghafla baada ya kuanguka au baada ya kusikia mlio mgongoni.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, au kifua kubana na pumzi kukata. Huenda ni damu iliyoganda.

Kuhusu homa, sikilizeni kwa makini, maana Kigoma na Tabora ni mikoa yenye malaria nyingi. Mgonjwa akichemka, watu wa nyumbani hukimbilia kipimo cha malaria, kikionyesha wadudu, mgonjwa anapewa dawa na wanarudi nyumbani. Pimeni malaria, lakini siku hiyohiyo mshono uonekane na mtaalamu, nguo ikiwa imevuliwa. Mtu anaweza kuwa na malaria na usaha kwenye vyuma kwa wakati mmoja. Usaha ukiwahiwa, mara nyingi huoshwa na vyuma vikabaki; ukichelewa, mambo huwa mazito.

Kwa dalili hizi nenda hospitali ya mkoa, Maweni (Kigoma) au Kitete (Tabora), au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Usianze kupanga safari ya Dar es Salaam kwanza. Watakupima, watakuanzishia tiba na kuwasiliana na waliokupasua.

Maumivu yanayozidi usiku, pamoja na kukonda, jasho la usiku au kikohozi cha wiki mbili, yanataka kipimo cha kifua kikuu, kwa sababu ugonjwa huo hula pingili. Hasa kama pingili ilivunjika kwa kuanguka kudogo tu, daktari aulizwe wazi: mfupa huu ulidhoofishwa na nini?

Daftari la senti chache

Chukua daftari la shule. Kila jioni andika mambo manne: maumivu yamefika ngapi kati ya 0 na 10, umetembea dakika ngapi, umefanya kazi gani, umemeza dawa zipi na saa ngapi. Ganzi ikihama mahali, iandike. Baada ya wiki tatu utaona kitu ambacho kichwa hakikumbuki. Na daktari mwenye dakika kumi za kukuona hufanya kazi nzuri zaidi akipewa kurasa hizo kuliko akiambiwa "mgongo unauma sana".

Kanuni ya kusoma daftari: kazi au zoezi likipandisha maumivu kwa alama moja au mbili na yakarudi chini kufikia kesho yake, endelea. Yakipanda zaidi ya hapo au yakikaa zaidi ya saa 24, punguza nusu, usiache kabisa.

Siku ya nafuu ndiyo inayowaumiza wengi. Mtu anaamka mwepesi, anafua beseni zima la nguo, kisha analala siku tatu. Fuata saa, usingoje maumivu yakuambie. Kama kufua dakika 15 kunakuumiza, fua 10, pumzika 10, rudi.

Kitanda, na namna ya kukitoka

Kitanda cha kamba kilicholegea huukunja mgongo kama mtumbwi. Weka mbao zilizokaribiana, kisha godoro gumu kiasi. Ukikaa ukingoni, nyayo zikanyage chini na nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Kikiwa kifupi, kiinue kwa matofali. Ukilala chali, weka mto chini ya magoti. Ukilala ubavu, weka mto au blanketi lililokunjwa katikati ya magoti, ili paja la juu lisivute kiuno.

Kuinuka ndiko kunakoharibiwa na wengi kila asubuhi. Wanainua kichwa na kifua moja kwa moja, au wanajivuta kwa kamba iliyofungwa miguuni mwa kitanda. Vyote viwili huukunja mgongo palepale ulipofungwa. Fanya hivi:

1. Ukiwa chali, kunja goti moja, kisha la pili, nyayo zikae godoroni.
2. Kaza tumbo kama mtu anayengoja kupigwa ngumi, huku ukipumua.
3. Geuka kama gogo: bega, nyonga na goti viende pamoja. Bega likitangulia, kiuno kinasokotwa.
4. Ukiwa ubavu karibu na ukingo, shusha miguu nje, na wakati huohuo sukuma godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu. Uzito wa miguu unaposhuka, kifua kinapanda, kama mizani.
5. Kaa dakika moja kizunguzungu kipite. Inama kutoka nyonga, siyo kiunoni, usimame kwa nguvu za mapaja.

Anayemsaidia asimvute mikono wala kumbeba kwa makwapa. Mkono mmoja uwe nyuma ya bega, mwingine kwenye nyonga, na mgonjwa ahesabu mwenyewe: moja, mbili, tatu. Kulala tena ni hatua hizohizo kwa kinyume.

Mgonjwa ambaye miguu haina nguvu au haihisi ageuzwe kila saa mbili na ngozi ikaguliwe kila siku matakoni, visiginoni na nyongani. Kidonda cha mgandamizo huanza na wekundu usiopotea ukibonyeza.

Bafuni, chooni, jikoni na kwenye mkeka wa swala

Ndoo ya kuogea ikiwa sakafuni, mtu huinama mara thelathini kabla hajamaliza. Iweke juu ya stuli au kiti imara, iwe nusu, na mwingine ndiye aibebe. Tandika gunia au mpira usioteleza. Miguu ioshwe umekaa.

Choo cha kuchuchumaa ni adui wa miezi mitatu ya mwanzo. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu: kimo kama sentimita 45, tundu la sentimita 25, miguu minne iliyotanuka kidogo ili kisipinduke. Pigilia mti wa kushikia ukutani. Haja ngumu nayo huumiza mgongo, kwa sababu kujikamua huongeza shinikizo palepale kwenye jeraha, na tramado na kodeini, dawa kali za maumivu, hufunga choo. Kula papai, maembe na mboga za majani, kunywa maji ya kutosha, na ukipewa tramado omba na dawa ya kulainisha choo.

Waislamu wengi hulazimisha kurukuu na kusujudu mapema, kwa kuona haya kukaa kwenye kiti mbele ya wenzao. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali amekaa. Inama kidogo kutoka nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, na udhu uchukuliwe umekaa pia. Kanisani simama wengine wanapopiga magoti.

Jiko la mkaa lipandishwe juu ya matofali mpaka usawa wa kiuno. Ugali wa familia asonge mwingine kwa miezi mitatu: kusonga ugali mzito ni kukandamiza na kusokota mwili kwa pamoja, na hilo ndilo mgongo uliofungwa haulipendi kabisa. Mtoto asibebwe mgongoni kwa mbeleko. Wa kunyonya aletwe mapajani, mama akiwa ameegemea na mto chini ya mkono unaomshika mtoto.

Maji: wiki sita za mwanzo usinyanyue zaidi ya kidumu cha lita 2 au 3. Kufikia mwezi wa tatu, lita 5, na ikibidi viwili, kimoja kila mkono, mwili usiegemee upande. Ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20 zinazoshuka moja kwa moja juu ya pingili. Hiyo ingoje daktari aone kwenye picha kwamba mfupa umeshika.

Tendo la ndoa huruhusiwa kwa wengi baada ya wiki sita hivi, mwenye mgongo akiwa chali au ubavu na mwenzake ndiye akitumia nguvu. Liulizeni kliniki bila aibu. Ukimya wa jambo hili huvunja nyumba.

Kutembea na mazoezi

Kulala kutwa hulegeza misuli kwa kasi, na msuli uliolegea ndio unaouma. Kama daktari hajakataza, tembea tangu wiki za mwanzo: dakika 5, mara nne kwa siku, mahali tambarare. Ongeza dakika 2 kila baada ya siku tatu hadi ufike dakika 30 mara mbili. Kigoma mjini kuna vilima. Mteremko huumiza kuliko mpando, kwa sababu mwili unaegemea nyuma na kila hatua inagonga. Tabora ni tambarare lakini jua lake ni kali, basi toka kabla ya saa 2 asubuhi. Vaa viatu vyenye soli, siyo ndala zinazochomoka.

Wiki sita za mwanzo: kukaza tumbo la chini sekunde 5, mara 10, kubana makalio sekunde 5, mara 10, kutelezesha kisigino godoroni, mara 10 kila mguu, kushusha na kuinua nyayo kama anayekanyaga pedali, kila saa, ili damu isigande. Baada ya hapo, mtaalamu wa fiziotherapia akikubali, ongeza kukaa na kusimama kwenye kiti bila mikono, mara 8 hadi 10, na kuinua nyonga ukiwa chali umekunja magoti. Kuanzia mwezi wa tatu: piga magoti na mikono, nyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, shikilia sekunde 5. Kukaa kitako na kujikunja kugusa vidole vya miguu, kama mazoezi ya shuleni, hakumo.

Ukiwa umepewa mkanda au jaketi la mgongo, uvae kama ulivyoelekezwa, juu ya fulana ya pamba, na kagua ngozi kila jioni kwa ajili ya joto na jasho. Ukiruhusiwa kuuacha, uache kwa saa chache kila siku, usiutupe siku moja. Usiuvae mwaka mzima kwa woga. Misuli hujifunza uvivu.

Dawa, na zile za duka la karibu

Parasetamoli ni msingi: mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi hunywa vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana apunguziwe na daktari. Kosa la mara kwa mara ni kununua kidonge cha mchanganyiko chenye diklofenaki na parasetamoli ndani, kisha kuongeza parasetamoli juu yake. Soma ganda la dawa.

Diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia, lakini hutoboa tumbo, huumiza figo na hupandisha presha, na baadhi ya wapasuaji hawazitaki miezi ya mwanzo kwa hofu ya kuchelewesha mfupa kujiunga. Zinywe kwa maelekezo, kwa siku chache, baada ya kula. Kwa maumivu ya neva daktari huweza kutoa amitriptilini, mara nyingi miligramu 10 hadi 25 usiku, au gabapentini. Zinahitaji wiki mbili hadi nne kuonyesha kazi. Wengi huziacha siku ya nne wakidhani hazifai. Gabapentini usiikatishe ghafla. Tramado usichanganye na pombe, na daktari ajue kama unatumia amitriptilini pia, kwani pamoja zinaweza kuleta degedege. Pakiti ya prednisoloni unayoambiwa "inatuliza mgongo haraka" iache dukani: hudhoofisha mfupa.

Kitambaa cha maji moto kinaruhusiwa mshono ukishapona kabisa, dakika 15, juu ya misuli ya pembeni. Anayekanda ajaribu joto kwenye mkono wake kwanza, na palipo na ganzi pasiwekwe kabisa, maana ngozi itaungua bila mwenyewe kujua. Kuvutwa mgongo, kukanyagwa, au kuchanjwa juu ya vyuma tunakataa moja kwa moja, hata kama mkandaji ni mzee wa ukoo mwenye sifa.

Tumbaku na chakula

Nikotini hubana mishipa midogo ya damu na kuchelewesha mfupa kujiunga. Ugoro na tumbaku ya kutafuna ni vilevile. Huko Urambo, Kaliua na Sikonge kuna jambo la ziada: anayevuna majani mabichi ya tumbaku, hasa yakiwa na umande, hufyonza nikotini kwa ngozi. Mgonjwa asivune wala kufunga majani mabichi katika miezi hiyo.

Chakula kisiwe cha gharama. Dagaa wa Kigoma huliwa na mifupa yake, na ndiyo kalsiamu. Ongeza maharage, karanga, yai, migebuka.

Safari ya kliniki

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni kama kilomita 1,250. Kama kuna nafasi ya kulala kwenye treni, ichukue. Kwenye basi kaa katikati, siyo juu ya tairi la nyuma ambako kila shimo linakufikia, na simama utembee kila basi linaposimama. Bodaboda usipande kama abiria kabla ya miezi mitatu.

Kabla ya kutoka wodini omba kwa maandishi: pingili zipi zilivunjika, zipi zimefungwa, chuma cha aina gani, tarehe ya operesheni, na nini umekatazwa mpaka lini. Piga picha karatasi hizo kwa simu. Titani haizuii kipimo cha MRI, lakini mpimaji lazima aambiwe. Swali la vyuma kutolewa lijibiwe na picha ya mfupa ulioshika; kwa wengi havitolewi.

Kurudi kazini

Kazi ya kukaa huwezekana wiki ya sita hadi ya nane, ukiinuka kila dakika 30. Kuendesha bodaboda, miezi mitatu au zaidi. Jembe, miezi minne hadi sita, kwa ridhaa ya daktari: chagua mpini mrefu, badilisha mkono wa mbele kila mstari, anza na nusu saa. Wafugaji nyuki wa Tabora waishushe mizinga iwe usawa wa kiuno na watoe fremu moja moja badala ya kubeba sanduku zima.

Mchikichi mrefu tunashauri usipandwe tena. Sehemu ya mgongo iliyofungwa haijikunji, na pingili jirani hubeba kazi yake. Ukianguka mara ya pili, zinazovunjika ni hizo. Miche ya Tenera, aina ya mchikichi inayotolewa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, huanza kuzaa ikiwa mifupi na mikungu yake hukatwa umesimama chini. Kwa iliyopo, mtu mwingine akate kwa mundu wenye upondo mrefu, na wewe ukae kwenye kuchambua chikichi, juu ya kiti, siyo kigoda.